Mazoezi na Baiskeli Uzeeni: Somo kwa Vikundi vya Wazee



Katika somo hili tunataka kuongea juu ya jambo ambalo wengi wetu hapa Gatina tunadhani ni la vijana tu, yaani mazoezi ya mwili. Tunaongea na wazee wenyewe, waliofika miaka 60 na kuendelea. Tunaongea pia na watoto na wajukuu wao, kwa sababu kosa kubwa katika jambo hili mara nyingi halifanywi na mzee. Linafanywa na sisi tunaompenda.

Lengo la somo: Baada ya somo hili, kila mshiriki aweze (a) kueleza kwa nini mwili wa mzee unahitaji kazi, (b) kujipima nguvu za miguu, (c) kufanya mazoezi matano ya nje bila kununua kitu, na (d) kujua ni nani anafaa kupanda baiskeli, wapi, na namna gani.

1. KITI CHA HESHIMA

Tuanze na habari ya mama mmoja wa jumuiya yetu. Miaka mingi alikuwa akiuza mboga. Kila asubuhi alitoka nyumbani na gunia, akashuka, akapanda, akainama, akabeba. Alipofika miaka 70 hivi, watoto wake walimwambia, "Mathe, umefanya ya kutosha. Sasa kaa upumzike." Wakamnunulia kiti kizuri chenye mto. Maji akaletewa na wajukuu. Chai akaletewa palepale alipokaa. Akitaka kuinuka kuchukua kitu, mtoto alimwahi, "Wacha, shosho, nitakuletea."

Hata sisi kanisani tulifanya vivyo hivyo. Tulimtengea kiti cha mbele, na wengine walipoambiwa wasimame, yeye tulimwambia akae tu.

Haikupita miaka mingi, mama yule akawa hawezi kuinuka bila kushikwa mkono. Usiku mmoja wa mvua ya Mei akaenda choo, ambacho kama ploti nyingi za hapa kiko mwisho wa ua. Akateleza kwenye tope, miguu ikakosa nguvu ya kujizuia, akaanguka na kuvunjika nyonga. Tulimtembelea mara nyingi kitandani, na kila mara tulijiuliza swali lile lile. Hakuna mtu aliyemdhulumu mama huyu. Sote tulimpenda. Lakini tulimkalisha mpaka miguu yake ikasahau kazi.

Je, hiyo ndiyo heshima? Fungueni kitabu cha Yoshua, sura ya 14. Hapo tunamkuta Kalebu akiwa na miaka 85. Hakumwomba Yoshua kiti. Alimwomba mlima, tena mlima wenye maadui, akisema kwamba nguvu zake zingalipo. Na Yoshua hakumcheka wala hakumwambia apumzike. Alimbariki, akampa Hebroni. Tunaona kwamba kumheshimu mzee kunaweza pia kuwa kumwachia mlima wake, huku tukitembea karibu naye.

2. MWILI USIOTUMIKA HUPUNGUA

Misuli huanza kupungua polepole tangu miaka ya 30 na kitu. Baada ya miaka 60 inapungua kwa kasi zaidi, na mtu akikaa bila kazi inakimbia kabisa. Mifupa nayo hudhoofika, hasa kwa akina mama baada ya kukoma hedhi. Hali ya kujisawazisha, ile inayomfanya mtu akijikwaa ajizuie asianguke, nayo hupungua. Vitu hivi vitatu vikikutana, kuteleza kidogo tu kunatosha kumlaza mtu miezi.

Wengine husema, "Uzee ni uzee, hakuna dawa." Si kweli yote. Mwaka 1990, madaktari wa Boston, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio walilofanya na wazee waliokuwa wakitunzwa katika nyumba ya wazee. Hawa walikuwa na miaka 86 hadi 96. Walifundishwa kuinua uzito kwa miguu kwa wiki 8, taratibu, huku wakiangaliwa. Nguvu za miguu yao ziliongezeka zaidi ya maradufu. Kama mtu wa miaka 90 anaweza kuongeza nguvu kwa miezi miwili, basi wa miaka 65 wa Gatina asiseme wakati umepita.

Kuna mfano mwingine ambao sisi watu wa matatu tutauelewa haraka. Mwaka 1953 daktari mmoja Mwingereza, Jeremy Morris, na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na makanga walifanya kazi katika basi moja, saa zile zile. Lakini dereva alikaa siku nzima, na makanga alipanda na kushuka ngazi akikusanya nauli. Iligundulika kwamba makanga walishikwa na ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva, na wakishikwa, haukuwaua sana kama madereva. Daktari Morris mwenyewe aliyaamini mazoezi maisha yake yote. Alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99.

Hapa kwetu pia kuna sababu ya kuamka. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mmoja kati ya wanne wenye miaka 18 hadi 69 nchini Kenya alikuwa na presha ya juu, na wengi hawakuwa wamewahi kupimwa. Mazoezi ya kawaida husaidia kushusha presha, husaidia mwili kutumia sukari vizuri, huleta usingizi, na huondoa mawazo mazito. Hayachukui mahali pa dawa. Anayetumia dawa aendelee nazo.

3. "LAKINI MIMI HUFANYA KAZI!"

Jibu hili tunalisikia sana, na lina ukweli ndani yake. Anayetembea kutoka Gatina mpaka Lavington kufanya kazi na kurudi kwa miguu, huyo tayari ana mazoezi mazuri. Tusimfundishe kutembea.

Lakini tuangalie kazi zetu vizuri. Mama mboga hukaa juu ya kreti tangu asubuhi mpaka taa ziwake. Askari wa usiku hukaa getini. Fundi wa nguo hukaa kwenye cherehani. Mama anayefua nguo za watu huchosha mgongo na mikono, lakini mapaja hayapati sehemu yao. Kwa hiyo mtu anaweza kurudi nyumbani amechoka kabisa na bado miguu yake inapungua nguvu. Kuchoka na kufanya mazoezi ni vitu viwili.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri wenye miaka 65 na zaidi wapate mambo matatu:

(a) Dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa kutosha kuongeza pumzi, kama kutembea haraka au baiskeli. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano.
(b) Mazoezi ya kutia misuli nguvu, siku mbili au zaidi kwa wiki.
(c) Mazoezi ya kujisawazisha pamoja na ya nguvu, siku tatu au zaidi kwa wiki, ili kuzuia kuanguka.

Asiyeweza kufikisha hapo afanye anachoweza. Kidogo ni bora kuliko kukaa bure.

Mtajuaje kwamba mwendo unatosha? Ongea. Kama unaweza kuongea na mwenzako lakini huwezi kuimba wimbo wa kwaya, hapo ndipo. Kama unaweza kuimba, ongeza mwendo. Kama huwezi hata kuongea, punguza.

4. JIPIME KWANZA

Kabla ya kuanza, kila mmoja ajipime namna hii. Weka kiti imara kisicho na magurudumu dhidi ya ukuta. Kaa, kunja mikono kifuani, kisha simama wima na ukae tena, mara nyingi uwezavyo kwa nusu dakika. Mwenzako ahesabu na kuangalia saa.

Mama wa miaka 65 mpaka 69 anatarajiwa kufikisha 11, na baba wa umri huo 12. Aliye chini ya hapo ana hatari zaidi ya kuanguka, na yeye ndiye anayehitaji somo hili kuliko sote. Asiyeweza hata mara moja bila kusaidia kwa mikono asione haya. Aandike sifuri katika daftari, aandike na tarehe. Baada ya wiki 8 ajipime tena.

Pia nendeni mkapimwe presha na sukari. Mwaka 2023 serikali iliwapa wahudumu wa afya ya jamii mikoba yenye mashine za kupimia vitu hivi. Mwulize wa eneo lako, au nenda zahanati. Mwenye presha iliyopita 180 kwa 110 asianze mazoezi mpaka aonwe na daktari.

5. MAZOEZI MATANO YA NJE

Haya hayahitaji jimu. Yanahitaji uwanja wa kanisa, wa shule, au hata ua wa ploti pakiwa pakavu. Tangulieni kutembea taratibu dakika tano ili mwili upate joto. Vaeni viatu vilivyofunga mguu. Patipati hazifai, zinaangusha.

Zoezi la kwanza: Kukaa na kusimama. Ni kama lile la kujipima, lakini polepole. Hesabu mpaka tatu ukisimama, mpaka tatu ukikaa. Fanya mara 8 mpaka 10, pumzika, rudia. Asiyeweza ashike kiti cha mbele yake. Kwa maoni yetu, kama mzee ana nafasi ya zoezi moja tu, lishike hili, maana ndilo la kutoka kitandani, la kutoka chooni, na la kushuka kwenye matatu.

Zoezi la pili: Kusukuma ukuta. Simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja ukutani usawa wa kifua, kunja viwiko mpaka pua ikaribie ukuta, kisha jisukume urudi. Mara 8 mpaka 10. Hili ni la mikono na kifua.

Zoezi la tatu: Kuinuka kwa vidole. Shika mgongo wa kiti au ukuta. Inua visigino, kaa juu kidogo, shuka polepole. Mara 10. Ukizoea, shika kwa kidole kimoja tu.

Zoezi la nne: Kutembea kwenye mstari. Choreni mstari chini kwa kijiti. Tembea ukiweka kisigino cha mguu mmoja mbele ya vidole vya mguu mwingine, hatua 10. Mwenzako atembee kando yako, mkono wake uwe tayari lakini asikushike. Mfundisheni mjukuu kazi hii ya kusindikiza. Inampa mzee mlima wake na bado inamlinda.

Zoezi la tano: Kubeba. Chukua mitungi miwili midogo ya lita 5, mmoja kila mkono. Lita moja ya maji ni kilo moja. Anza na lita mbili kila upande, tembea hatua 20 mgongo ukiwa wima, weka chini, pumzika. Kila wiki ongeza maji kidogo ukiona ni rahisi. Mtungi wa lita 20 waachie vijana.

Katika mazoezi yote usizuie pumzi. Toa pumzi wakati wa kazi ngumu, vuta wakati wa kurudi. Misuli kuuma kidogo siku ya pili ni kawaida. Maumivu makali ndani ya goti au nyonga si kawaida, hapo acha.

Na misuli haijengwi kwa mazoezi peke yake. Inataka chakula cha kujenga mwili: omena, maharagwe, ndengu, mayai, maziwa. Chai na mkate asubuhi mpaka jioni haitoshi.

6. BAISKELI: NANI, WAPI, NAMNA GANI

Wazee wetu wengi waliotoka Magharibi na Nyanza waliijua baiskeli kabla ya kuijua Nairobi. Ile nyeusi nzito, Black Mamba, ilibeba mahindi, ikabeba mgonjwa, ikabeba bibi harusi. Hata jina la boda boda lilianza na baiskeli kule mpakani Busia, zikivusha watu kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kabla pikipiki hazijachukua kazi hiyo. Kwa hiyo tukisema mzee apande baiskeli, tunamrudishia kitu chake.

Faida ya baiskeli ni kwamba kiti hubeba uzito wa mwili. Mtu mwenye magoti yanayouma, ambaye kutembea haraka kunamtesa, mara nyingi anaweza kukanyaga pedali bila taabu, na moyo na mapaja yakapata kazi. Mfaransa mmoja, Robert Marchand, aliyerudia baiskeli kwa bidii alipokaribia miaka 70, aliendesha kilomita 22 na nusu kwa saa moja mwezi wa Januari 2017, akiwa na miaka 105. Alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 109. Hatusemi kila mtu atakuwa kama yeye. Tunasema tu kwamba 65 si mwisho wa barabara.

Lakini baiskeli ina upungufu wake. Kwa kuwa kiti kinabeba uzito, mifupa haipati kazi ya kuiimarisha. Kwa hiyo baiskeli isichukue mahali pa yale mazoezi matano. Viende pamoja.

Nani apande? Aliyewahi kupanda ujanani, anayeona vizuri, asiyesikia kizunguzungu, na anayeweza kusimama kwa mguu mmoja kwa sekunde kadhaa bila kushika kitu. Ambaye hajawahi kabisa anaweza kujifunza, lakini uwanjani, siyo barabarani: ashushe kiti mpaka nyayo zifike chini, asukume kwa miguu mpaka azoee kujisawazisha, ndipo aguse pedali. Mwenye kizunguzungu, macho mabovu, au aliyeanguka mwaka huu, atembee kwa miguu. Kutembea hakuna aibu.

Baiskeli gani? Yenye fremu ya chini, ile inayoitwa ya kike, ni rahisi kupanda na kushuka hata kwa baba. Fundi akague breki zote mbili, cheni, tairi na kengele. Kiti kiwekwe hivi: kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu uwe karibu kunyooka. Anayeanza upya akishushe kidogo ili vidole viguse chini akisimama. Vaa helmeti na nguo ya rangi inayoonekana. Funga vizuri suruali au sketi isishikwe na cheni.

Wapi? Hapa tuseme ukweli. Barabara ya Naivasha wakati matatu zinagombania abiria si mahali pa mzee anayejifunza tena baiskeli. Makanga akining'inia mlangoni hamtazami mtu wa baiskeli. Anzeni katika uwanja. Mkizoea, pandeni Jumapili alfajiri au siku ya sikukuu, barabara zikiwa tupu, katika barabara za ndani za upande wa Lavington. Ngong Road, sehemu iliyopanuliwa, ina njia za pembeni za miguu na baiskeli, ingawa kuna pikipiki na wachuuzi wanaozitumia pia, kwa hiyo mwendo uwe wa pole. Wanaotaka miti na hewa nzuri kwa kutembea waende Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907, wakiwa kikundi.

Namna gani? Anza na dakika 10, siku mbili au tatu kwa wiki. Kila wiki ongeza dakika chache mpaka ufike 30. Kwa mwendo wa pole wa kilomita 12 kwa saa, nusu saa ni kilomita 6. Ukifika mteremko, kama huu wetu wa kushukia mtoni, shuka uisukume. Ukifika mlima, shuka uisukume vilevile. Kusukuma baiskeli mlimani nako ni mazoezi.

7. TAHADHARI

(a) Acha mara moja na utafute msaada ukisikia kifua kinabana, maumivu yanapanda shingoni au mkononi, pumzi imekatika kuliko kawaida, au kichwa kinazunguka.
(b) Mwenye kisukari anayetumia sindano au vidonge ale kitu kabla, na abebe peremende au sukari mfukoni. Aangalie nyayo zake kila akivua viatu, maana kidonda kidogo asichokisikia kinaweza kuwa kikubwa.
(c) Wakati mzuri ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kumekucha tayari. Kabla ya hapo kuna giza na kuna wezi. Baadaye kuna jua, vumbi na moshi. Siku takataka zinachomwa karibu, hamieni mahali pengine.
(d) Miezi ya mvua, Machi mpaka Mei na Oktoba mpaka Desemba, tope ni adui. Fanyeni mazoezi chini ya paa la ukumbi.
(e) Kunyweni maji hata kama hamsikii kiu. Mzee husikia kiu kwa kuchelewa.
(f) Usiende peke yako. Mtu mmoja huanguka na kulala hapo. Watu wawili, mmoja huita msaada.

8. MPANGO WA WIKI MOJA

Jumatatu: kutembea haraka dakika 20 hadi 30.
Jumanne: mazoezi matano kwa kikundi.
Jumatano: baiskeli uwanjani, au kutembea.
Alhamisi: mazoezi matano kwa kikundi.
Ijumaa: kutembea haraka, upande na mteremko.
Jumamosi: mazoezi matano, kisha baiskeli kwa wanaoweza.
Jumapili: kwenda kanisani kwa miguu. Na wimbo ukiimbwa kwa kusimama, simama!

9. "WATU WATASEMA NINI?"

Tukiwauliza wazee kwa nini hawaji, wengi hawasemi ugonjwa. Wanasema aibu. "Mimi shosho mzima niruke ruke uwanjani watoto wakinicheka?" "Mwanamke wa umri wangu juu ya baiskeli?"

Tunawakumbusha habari za Korogocho, upande wa pili wa jiji hili letu. Huko wako akina shosho waliojipanga wakajifunza kupiga ngumi, kupiga teke na kupaza sauti, kwa sababu wahalifu walikuwa wakiwavamia na kuwanajisi wanawake wazee. Walifanya mazoezi hayo hadharani, na sketi zao na vitambaa vyao kichwani. Aliyewacheka mwanzoni alijua baadaye kwamba shosho huyu si wa kuchezewa. Walichotafuta ni uwezo wa kulala nyumbani kwao bila hofu, na heshima ikafuata.

Kumbukeni pia Mzee Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84, na kaptura na soksi ndefu. Walimcheka pia. Leo nani anayakumbuka majina ya waliomcheka?

Na sisi watoto tubadilike. Awe ni shosho, kukhu au dani, awe ni guka, kuka au kwaro, tusimwahi kila akitaka kuinuka. Tusimnyang'anye ufagio. Badala ya kusema "Kaa, nitakuletea," tujifunze kusema "Twende pamoja." Mzee mgonjwa tumtunze kwa kila kitu, hilo halina mjadala. Lakini mwenye uwezo tumwachie uwezo wake.

Yule mama tuliyeanza naye sasa anatembea kwa fimbo kutoka mlangoni mpaka getini. Wajukuu wake huhesabu mara anazosimama kutoka kwenye kile kiti chenye mto. Siku alipofika tano bila kushika, walipiga makofi mpaka majirani wakatoka nje kuuliza kuna nini. Tungeanza mapema, labda nyonga ingekuwa nzima. Hilo ndilo linalotufanya tuandike somo hili.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika nyumba yako, ni kazi gani mzee alinyang'anywa kwa jina la heshima? Ni ipi anaweza kurudishiwa wiki hii?
2. Someni Yoshua 14:6-15. "Mlima" wako kwa sasa ni upi? Kufika choo peke yako? Kupanda matatu? Kwenda sokoni na kurudi?
3. Ni uwanja gani salama ulio karibu nanyi, na nani ataomba ruhusa ya kuutumia?
4. Ni nani katika kikundi ana baiskeli isiyotumika? Fundi gani wa hapa Gatina anaweza kuikagua?
5. Njia ya kwenda choo katika ploti yenu ina taa usiku? Ina utelezi? Mnaweza kufanya nini bila kumngoja mwenye ploti?

KAZI YA KUFANYA: Kila kikundi kiandike majina katika daftari, kila mzee na idadi yake ya kukaa na kusimama kwa nusu dakika. Pimeni tena baada ya wiki 8. Msishindane ninyi kwa ninyi. Kila mmoja ashindane na namba yake mwenyewe.

Bwana awape nguvu za kupanda mlima wenu. Amina.